Harufu ya Mkojo wa Paka kwenye Sakafu ya Mbao: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Nyumba nyingi za zamani za Nairobi, hasa katika mitaa kama Kileleshwa na Kilimani, zina sakafu za vipande vya mbao vilivyopangwa na kupigwa vanishi. Anayehamia katika nyumba ya namna hiyo baada ya mpangaji aliyefuga paka hupewa ushauri wa kila aina, na karibu wote unahusu kitu cha kumwaga au kupaka juu ya sakafu. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia, kwa kuwa harufu hiyo haikai juu. Imeingia kwenye nyuzi za mbao, katika maungio ya vipande, na wakati mwingine hata kwenye gundi na zege lililo chini yake.

Wengi huamini kwamba kudeki mara kwa mara kwa maji mengi na sabuni hatimaye kutaimaliza. Ukweli ni kwamba maji hayo huyeyusha mabaki ya mkojo na kuyashusha ndani zaidi kupitia maungio, na yanapokauka mabaki hubaki mahali ambapo kitambaa hakifiki tena. Mbao nazo hunywa maji, huvimba na kupinda, na maungio yakifunguka mkojo unaofuata hupata njia pana zaidi. Mashine za mvuke ni mbaya kuliko ndoo, kwa sababu joto na unyevu huingia pamoja. Mkojo ambao haujakauka haufai hata kupanguswa huku na huku: unakandamizwa kwa kitambaa kikavu au karatasi mpaka kisitoke chochote, na haraka hiyo ndiyo kinga bora kuliko dawa yoyote, kwani vanishi nzima isiyo na nyufa huweza kuuzuia mkojo kwa muda lakini haiuzuii milele.

Kufukiza udi au ubani, au kupuliza manukato ya dukani, ni kufunika tu. Nyumba itanukia jioni hiyo, na mvua za masika zikija harufu ya mkojo itarudi ikiwa na nguvu ileile, kwa kuwa yurea, yaani taka ya mwili inayotoka na mkojo, na chumvi zilizobaki ndani ya mbao huvuta unyevu wa hewa na kuanza kutoa harufu upya. Ndiyo maana watu hushangaa kwamba sakafu iliyokuwa safi tangu Januari imeanza kunuka mwezi Aprili bila paka yeyote kuingia.

Harufu yenyewe pia huelezwa kimakosa. Inasemwa sana kwamba chanzo chake kikuu ni fuwele za asidi ya uriki. Kwa binadamu, asidi hiyo hutoka na mkojo kama ilivyo. Paka na mbwa hubadili sehemu yake kubwa kuwa kemikali nyingine iitwayo alantoini kabla haijatoka mwilini, na mbwa wa aina ya Dalmatian ndio wanaojulikana kwa kutofautiana na wenzao. Kwa hiyo asidi hiyo si chanzo kikuu cha harufu ya paka; kinachochoma pua kwanza ni amonia, ambayo hutokea bakteria wanapoivunja yurea. Paka ana jambo jingine la ziada: mkojo wake una felinini, asidi amino yenye salfa, na mwaka 2006 watafiti wa Japani walionyesha kwamba protini iitwayo koksini huongoza utengenezaji wake. Felinini haina harufu, lakini kadiri inavyovunjika hutoa michanganyiko ya salfa yenye harufu kali mno, jambo linaloeleza kwa nini doa la juzi hunuka kuliko la leo, na kwa nini dume asiyehasiwa, ambaye ana felinini nyingi zaidi, huacha harufu ngumu kuliko wengine wote.

Siki husifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba asidi yake hutuliza amonia, na kwa doa jipya inaweza kusaidia ikichanganywa na maji na kutumiwa kidogo. Kwa mabaki ya zamani yaliyozama ndani ya mbao haina nguvu ya kuyavunja, na ikirudiwa mara nyingi hufifisha mng'ao wa vanishi.

Dhana ambayo ningependa kila msomaji aiache leo ni ile ya Jik. Watu huipenda kwa sababu huua vijidudu na huacha harufu ya usafi, wakadhani inaua na harufu ya mkojo. Klorini iliyo ndani ya Jik ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi za kloramini, zinazounguza macho, koo na mapafu. Na anayeona haikutosha akaongeza siki juu yake hutengeneza gesi ya klorini yenyewe. Katika chumba kidogo kilichofungwa madirisha, huku mtu amepiga magoti na uso wake uko karibu na sakafu, hilo ni jambo la hatari kabisa, hasa kwa mwenye pumu na kwa mtoto anayetambaa. Isitoshe, Jik hutoa mbao rangi na kuacha baka jeupe.

Dawa za vimeng'enya ndizo zenye mantiki zaidi, kwa kuwa humeng'enya mabaki badala ya kuyafunika. Hata hivyo huaminiwa kwamba zinapulizwa na kufutwa papo hapo. Vimeng'enya huhitaji muda na unyevu, kwa hiyo dawa huachwa juu ya doa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na sehemu iliyowahi kumwagiwa klorini isuuzwe na ikauke kwanza. Ijaribiwe pembeni, kwa sababu mbao hazipendi kukaa zimelowa. Taa ndogo ya urujuanimno (UV) husaidia sana kuonyesha madoa gizani, mengi yakiwa mahali ambapo mwenye nyumba hakudhani.

Kabla ya kugharimia mashine ya msasa, ni haki kumtazama paka mwenyewe. Hakojoi sakafuni kwa kulipiza kisasi, na kumpiga humwongezea hofu inayomfanya akojoe zaidi. Huenda sanduku la mchanga ni chafu, huenda hajahasiwa, huenda anaumwa. Dume anayejikamua bila mkojo kutoka afikishwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa.

Tatizo hilo likishatatuliwa, fundi anaweza kuanza kazi. Wapo wanaoamini kwamba vanishi mpya itafungia harufu; ikipakwa juu ya mbao chafu au zenye unyevu, harufu hupenya na vanishi hubanduka. Mbao zisafishwe, zikauke kabisa, zipigwe msasa, ndipo zizibwe kwa rangi ya msingi yenye shelaki, utomvu wa mdudu ambao huzuia harufu vizuri, iwapo sehemu hiyo itafunikwa baadaye kwa sakafu nyingine. Doa jeusi lisilotoka kwa msasa limezama mno, na kipande hicho hung'olewa na kuwekwa kingine, baada ya kukagua na kusafisha kilicho chini yake.