Kabla hujashuka Kariakoo kumnunulia mwanafunzi wa habari kompyuta

Majina ya waliochaguliwa vyuo yakishatoka tu, naanza kupokea ujumbe wa aina moja: "Kaka, mdogo wangu kapata uandishi wa habari, tumchukulie mashine gani?" Kazi yangu ni kuhariri video na sauti hapa Dar, na vijana wa mafunzo kwa vitendo hupita mezani kwangu kila mwaka, kwa hiyo mashine zao nazijua kuliko ninavyojua majina yao.

Mwaka wa kwanza hausumbui. Ni insha, slaidi na kusoma PDF, kazi ambazo hata kompyuta ya zamani inazimudu. Shughuli inaanza pale kijana anapopewa kamera, akaambiwa alete habari ya dakika tatu kutoka Soko la Samaki Feri, yenye mahojiano, picha za mazingira na sauti yake juu. Nunua kwa ajili ya siku hiyo.

Sasa tuingie dukani. Muuzaji atakwambia, "Chukua hii bosi, i7, chuma kabisa." i7 ni daraja la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, na peke yake haijakwambia kitu. Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i7-7500U ni ya kizazi cha 7 na ina kori mbili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na ina kori nne. Kwa kuhariri video, hiyo i5 inaiacha mbali i7 yenye jina kubwa. Namba ikianza na 10 au 11, kama i5-1135G7, hizo tarakimu mbili za mwanzo ndizo kizazi chake.

Kizazi cha 8 nakisisitiza kwa sababu nyingine pia. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao haipokei karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Mashine za zamani za maofisini bado zimejaa madukani, zimefutwa vumbi zinang'aa. Kwa HP EliteBook 840, toleo la G3 ni kizazi cha 6, G4 ni cha 7, G5 kwa kawaida ni cha 8. Nasema kwa kawaida kwa sababu zipo G5 zilizotoka na prosesa ya kizazi cha 7, na ThinkPad T480 ya Lenovo vivyo hivyo. Usiamini kibandiko.

Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha ingia "Performance". Jina kamili la prosesa utaliona hapo. Bofya "Memory" uone RAM (kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi) ni kiasi gani na nafasi ngapi za kuichomeka zimetumika. Ikiandika "1 of 2", furahi, maana fundi ataongeza RAM baadaye bila kutupa iliyopo. Diski nayo itajitaja kama ni SSD, ile ya kasi, au HDD, ile ya zamani inayozunguka na kuchelewa. Ikiwa HDD, dai punguzo au ondoka.

RAM ya GB 8 ndiyo ya kuanzia, GB 16 ndiyo ya kufanyia kazi kwa raha. Wanaoniuliza MacBook Air ya M1, ile ya 2020: ni mashine nzuri, haina feni, inakaa na chaji. Ila RAM yake haiongezwi, ukinunua ya GB 8 utamaliza nayo digrii. Na ikiwa imetumika, hakikisha haijafungwa na akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Mashine za kucheza gemu sizipendi kwa mwanafunzi wa habari. Ni nzito, betri inaisha upesi, na kwenye daladala la Mwenge zinavuta macho.

Kioo watu wanakisahau. Fungua picha ya uso wa mtu, halafu inamisha kioo mbele na nyuma polepole. Ngozi nyeusi ikigeuka rangi ya majivu, kioo hicho kitakudanganya kila utakaporekebisha rangi ya video. Kioo cha 1366 kwa 768 nacho ni finyu, mstari wa kuhariri unabanana na picha.

Betri ipime palepale dukani. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 22,000, zaidi ya nusu ya betri imeshakwenda, na umeme ukikatika Mabibo Hosteli usiku wa kukabidhi kazi utaijua vizuri.

Kuhusu nafasi: simu ikirekodi 4K (picha kali kuliko 1080p ya kawaida) kwa mfumo uliobanwa inaweza kula MB 170 kwa dakika, yaani takriban GB 10 kwa saa. SSD ya GB 256 itajaa mapema, hivyo diski ya nje iwe kwenye bajeti. Kazi za darasani rekodi kwa 1080p, inatosha. Mashine ikigugumia, usikimbilie kununua nyingine. Iambie programu itengeneze nakala nyepesi za video, uhariri kwa hizo, ile halisi itumike mwishoni wakati wa kutoa kazi. Kwa programu za kuhariri video, DaVinci Resolve ina toleo la bure lakini inataka mashine yenye nguvu. Kdenlive na Shotcut ni nyepesi zaidi kwa mashine ya kawaida. Sauti fanyia Audacity.

Bei siandiki, Kariakoo bei ya asubuhi si ya jioni. Ila usimalize hela yote kwenye mashine. Bakiza ya hedifoni nzuri na maiki ya kubana kwenye nguo, maana mahojiano yaliyomezwa na upepo wa Feri hayaokolewi na prosesa yoyote. Anayesubiri bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, asikope kwa pupa, muhula wa kwanza maabara ya chuo itamvusha.

Ukishalipa, risiti iandikwe namba ya mashine, kiasi cha RAM, aina ya diski na siku za dhamana. Muuzaji akisema "tunajuana tu hapa bosi", mwombe aandike hivyohivyo.