Je, Wajua Kwa Nini Mrihani Hustawi Ukikatwa Kichwa?

Mirihani mingi inayooteshwa kwenye roshani za maghorofa ya Nairobi, iwe Umoja, Roysambu au Kilimani, ina umbo moja: kijiti kirefu chembamba, uchi upande wa chini, na kishungi cha majani kileleni. Mwenyewe anauonea huruma. Akitaka rihani ya kutia kwenye mchuzi wa nyanya, anachuma majani mawili makubwa ya chini na kilele hakigusi, kwa kuwa anajua hapo ndipo mmea unapokulia. Ni kweli, ndipo unapokulia. Na ndiyo maana panafaa kukatwa.

Uchunguze mmea kwa karibu. Shina la mrihani lina pembe nne, ukilipitisha kati ya vidole utazihisi, na majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana. Sasa tazama kwapa la kila jani, pale kikonyo kinapokutana na shina. Kuna vijani viwili vidogo mno, labda vya ukubwa wa punje ya mtama, vimekunjana. Hilo ni chipukizi. Ni tawi zima linalosubiri, na linaweza kusubiri hivyo hadi mmea uzeeke.

Linasubiri kwa sababu kilele ni nyapara. Ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo huteremka ndani ya shina na kuyazuia machipukizi ya chini yasiamke. Katika miaka ya 1930, wanasayansi Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata vilele vya maharagwe, kisha wakapaka auksini kwenye jeraha. Machipukizi yakaendelea kulala, kana kwamba kilele bado kipo. Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza njegere walionyesha kwamba sukari nayo imo katika jambo hili: kilele huvuta sukari nyingi inayotengenezwa na majani, na kikiondolewa, sukari hiyo huyafikia machipukizi upesi, hata kabla auksini haijapungua huko chini. Kwa hiyo ukikata, machipukizi yanapata chakula kwanza, na kizuizi kinalegea baadaye.

Matokeo yake ni hesabu rahisi. Shina moja likikatwa juu kidogo ya jozi ya majani, makwapa yake mawili hutoa matawi mawili. Yakikua nayo ukayakata, unapata manne. Subiri tu mche ufikie urefu wa shibiri moja na uwe na jozi tatu au nne za majani, ndipo ukate juu ya jozi ya pili kutoka chini. Baada ya hapo, usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Yale majani mapana ya chini yaache, maana ndiyo yanayoupikia mmea chakula chake.

Na mlaji hapotezi kitu. Harufu ya rihani inatokana na mafuta yaliyo kwenye vifuko vidogo sana juu ya jani, na katika jani changa vifuko hivyo vimesongamana zaidi. Ndani ya mafuta hayo, kutegemea aina ya mrihani, kuna eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake. Kwa maoni yangu, anayechuma majani ya chini na kukihifadhi kilele anakula makapi.

Ukiona vishada vya maua, vikate pia. Tawi likishatoa maua halitoi tena majani mapya kwenye ncha, na yaliyopo huanza kuwa machungu. Labda uache tawi moja kwa ajili ya nyuki na mbegu.

Lakini mkasi hauwezi kuushinda mwezi wa Julai. Aliyelelewa Mombasa au Lamu, ambako mrihani huota uani bila kubembelezwa na majani yake hutiwa kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia wanachojipamba nacho wanawake, pamoja na asumini, hushangaa akiuona ukinyauka Nairobi. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, wakati mwingine chini zaidi. Mrihani ni mmea wa joto. Baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi huharibu utando wa seli zake na majani hupata madoa meusi. Ndiyo maana rihani iliyowekwa kwenye friji huwa nyeusi kesho yake. Iweke mezani ndani ya glasi ya maji.

Msimu huo ingiza chungu ndani usiku. Mchana kiweke kwenye dirisha linalotazama kaskazini, kwa sababu Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta na katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini. Kama una dirisha la mashariki na la magharibi tu, chagua la magharibi: asubuhi za Julai huwa na mawingu, na jua likijitokeza, mara nyingi ni alasiri.

Maji mwagia udongo, wala si majani. Majani yanayolala na maji huvutia ukungu, na upo mmoja wa mrihani uliowahi kuripotiwa hapa jirani Uganda mwaka 1933: jani hugeuka manjano juu, na chini yake hufanya vumbi la kijivu. Jani la namna hiyo ling'oe na ulitupe mbali. Udongo mweusi wa Embakasi ule unaonata usiutumie peke yake, kwani hushika maji na mizizi huoza. Changanya na mchanga na samadi iliyooza vizuri, na mtungi uwe na matundu chini.

Kilele ulichokata, kama hakikuingia sufuriani, ondoa majani yake ya chini na ukisimamishe kwenye maji karibu na dirisha. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kwa wiki moja au mbili kitatoa mizizi, wakati wa baridi kitachelewa kidogo, na mizizi ikifikia urefu wa kidole gumba unakipanda kwenye mtungi wake.