Siku za karantini kwa kuku wanaotoka nje ya nchi huhesabiwaje

Kundi la kuku wazazi lilikuwa limebakiza siku 2 litoke karantini pale msimamizi wa banda aliponipigia simu kunieleza, kwa furaha, kwamba majogoo 12 waliokuwa wamecheleweshwa na safari walikuwa wamefika, karatasi zao zimekaguliwa mpakani na kukubaliwa, naye amekwisha kuwaingiza bandani pamoja na wenzao. Ilinibidi nimweleze kwamba kwa kitendo hicho hesabu ya siku ilikuwa imerudi kwenye moja, na si kwa majogoo wale 12 pekee bali kwa kundi zima. Alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mwaminifu aliyetimiza kila sharti aliloambiwa, ila hili hakuna aliyekuwa amemwambia. Katika kazi yangu ya kukagua ndege wanaoingizwa nchini nimejifunza kwamba hasara nyingi hazitokani na udanganyifu. Hutokana na watu kuishika kanuni huku sababu yake hawaijui, na ndiyo maana nataka kuzieleza sababu hizo hapa kwa kirefu.

Tuanze na hizo siku zenyewe. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, hutunga viwango ambavyo serikali nyingi huvitumia kuandika kanuni zao, na kwa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, viwango hivyo vinauhesabu muda wa ugonjwa kujificha kuwa siku 21. Kwa mafua makali ya ndege muda huo ni siku 14. Anayewafahamu kuku atasema kwamba kuku aliyeambukizwa kideri kikali huonyesha dalili baada ya siku 5 au 6 hivi, na hatakuwa amekosea. Lakini kanuni haimtazami kuku mmoja. Inalitazama kundi, ambamo ndege mmoja huenda aliambukizwa saa chache kabla ya kupakiwa, akawaambukiza wawili waliokuwa naye kwenye kreti, nao wakaupeleka ugonjwa kwa wengine wiki iliyofuata. Siku 21 zinatosha kwa mnyororo huo kujitokeza hadharani hata kama pete yake ya kwanza haikuonekana. Serikali nyingine huongeza siku juu ya hizo kwa tahadhari: Marekani, kwa mfano, kuku hai wanaotoka nje hukaa siku 30 katika kituo cha serikali, na Australia hairuhusu kuku hai kuingia kabisa, bali mayai ya kutotolesha pekee, nayo hupitia kituo cha karantini cha serikali kilichopo Mickleham.

Kwa kuwa kinachochunguzwa ni kundi, hesabu huanza siku ambayo ndege wa mwisho ameingia. Akiingia mwingine, hata awe mmoja na hata awe na cheti safi kiasi gani, ana uwezo wa kuleta kitu kipya ambacho siku 19 zilizopita hazikuweza kukiona, na wale waliokaa siku 19 sasa wanavuta hewa ileile anayoivuta yeye. Wataalamu tunaiita kanuni ya kuingia wote na kutoka wote, na haina nafasi ya kujadiliana.

Watu wengi hudhani kwamba ndani ya karantini hakuna linalofanyika isipokuwa kusubiri, ilhali kazi yenyewe ni kubwa. Kila siku mhudumu huandika idadi ya waliokufa, kiasi cha chakula kilicholiwa na, jambo ninaloliangalia mimi kwanza, kiasi cha maji yaliyonywewa, kwa sababu kundi linaloelekea kuugua mara nyingi hupunguza kunywa kabla hajafa hata mmoja. Mzoga hautupwi wala hauzikwi kabla ya kupasuliwa na kuchunguzwa. Mhudumu wa karantini haruhusiwi kufuga wala kuhudumia kuku wengine katika kipindi hicho, na viatu na nguo anazovaa ndani hubaki ndani. Mlangoni huwekwa beseni la dawa la kukanyagia, na hapo ndipo ninapoweza kulijua banda kabla sijaingia. Ikiwa maji ya beseni yana rangi ya tope na manyoya yanaelea juu, najua kwamba dawa hiyo haiui tena kitu, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu dawa kabla haijafika kwenye virusi. Soli husuguliwa kwanza kwa brashi na maji, kisha ndipo hukanyagwa dawa. Anayegeuza mpangilio huo amelowesha viatu tu.

Kisha huja sampuli. Tunapitisha vijiti vya pamba kooni na kwenye tundu la haja la idadi ya ndege iliyokokotolewa kulingana na ukubwa wa kundi, tunachukua damu kutoka kwenye mshipa wa bawa, na vyote hupelekwa kwenye maabara inayotambuliwa na mamlaka. Iwapo kuku wamechanjwa dhidi ya kideri, ugumu huongezeka, kwa kuwa chanjo humlinda kuku asiugue lakini haimzuii kabisa asiambukizwe na kutoa virusi kwa siku kadhaa. Kundi lililochanjwa vizuri linaweza kupita karantini yote likiwa na sura ya afya tele huku likibeba ugonjwa, na damu yao itaonyesha kingamwili ambazo huwezi kujua kwa urahisi kama zimeletwa na chanjo au na maradhi. Kwa sababu hiyo katika baadhi ya karantini tunawaweka miongoni mwao kuku wachache wasiochanjwa kabisa, tunaowaita kuku walinzi, ambao watakuwa wa kwanza kuugua ikiwa kuna kitu kinazunguka. Sipendi kuwatazama wakiingizwa, kwa kuwa najua wamewekwa pale kwa ajili gani, lakini sijaona njia nyingine iliyo wazi kama hiyo. Hii pia ndiyo sababu cheti lazima kitaje aina ya chanjo na tarehe iliyotolewa.

Ndege wa mapambo nao wana masharti yao, na wanaowaingiza hulalamika kwamba kasuku wawili wanasumbuliwa kuliko kuku elfu. Kasuku wa jamii ya Amazoni anaweza kutoa virusi vya kideri kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kuonekana mgonjwa. Mwaka 1971 kideri kikali kiliingia kusini mwa California kupitia ndege wa mapambo waliotoka nje ya nchi, na kabla hakijatokomezwa mwaka 1974 karibu ndege milioni 12 walikuwa wameuawa ili kukizuia.

Sasa nirudi nyuma, kwa sababu karantini ya huku ni nusu ya pili ya kazi. Nusu ya kwanza hufanyika kabla ndege hajapakiwa, na huanza na kibali cha kuingiza. Kibali hutangulia malipo, mkataba na safari, kwa kuwa ndicho kinachoorodhesha masharti ambayo daktari wa mifugo wa serikali ya nchi wanakotoka lazima ayathibitishe, moja baada ya jingine, katika cheti cha afya. Mimi hukilaza kibali upande wa kushoto wa meza na cheti upande wa kulia, nikawa nafuata sentensi kwa sentensi. Kibali kikisema ndege wawe wamekaa tangu kutotolewa, au kwa siku zisizopungua 21 kabla ya kusafirishwa, katika nchi au kanda isiyo na kideri, cheti hakina budi kusema hilo waziwazi, kitaje kanda, na kiseme pia kwamba siku ya kusafirishwa hawakuwa na dalili yoyote na kwamba wamewekwa kwenye makasha mapya au yaliyosafishwa ipasavyo.

Niliwahi kupokea vifaranga wa siku moja ambao kibali chao kilidai uthibitisho kwamba kundi la wazazi lilipimwa homa ya matumbo ya kuku pamoja na ugonjwa wa kuhara nyeupe, likaonekana halina. Cheti kilisema tu kwamba vifaranga "wanatoka katika kundi lenye afya njema". Maneno hayo ni mazuri kuyasikia lakini hayathibitishi chochote, kwa sababu kuku mzazi anaweza kubeba bakteria wa kuhara nyeupe katika kokwa za mayai kwa maisha yake yote na akaendelea kutaga. Tuliwaandikia waliotoa cheti tukaomba majibu ya maabara, na muda ukawa unayoyoma. Kifaranga hulisaga kiini cha yai alichokivuta tumboni kabla ya kutotolewa, na akiba hiyo humtosha kwa takriban saa 72. Wale walikuwa wamekwisha kutumia 40. Nilifungua kasha moja nikawakuta wamejikusanya pembeni, midomo wazi, wakilia kwa ile sauti kali isiyokatika ambayo kila aliyelea vifaranga anaijua. Majibu ya maabara hayakuja, na safari ya kuwarudisha isingewafikisha hai, hivyo waliuawa kwa njia isiyo na mateso na kuteketezwa pamoja na makasha na maranda yao. Karatasi moja sahihi, ambayo huenda ilikuwa ndani ya kabati la kituo walikototolewa, ingewaokoa wote, na bado naumia nikikumbuka.

Kisa hicho kinaonyesha pia kwa nini vifaranga na mayai hufungwa na masharti yanayowahusu wazazi wao. Bakteria hao wa kuhara nyeupe na homa ya matumbo, pamoja na vijidudu vya mafua sugu ya kuku, hupita kutoka kwa mama hadi ndani ya yai, kwa hiyo kumpima kifaranga aliyetotolewa jana hakutoshi. Damu yake isitushangaze pia, kwani kingamwili tunazozikuta humo ni urithi wa mama na hazituelezi kifaranga mwenyewe amekutana na nini. Mayai ya kutotolesha yana hatari ndogo kuliko kuku hai, maana ganda lake huweza kusafishwa kwa dawa na njia nyingi za maambukizi huishia hapo, na mimi humshauri anayetaka mbegu mpya afikirie mayai kwanza.

Wapo wanaoamini kwamba serikali hutumia magonjwa kama kisingizio cha kulinda wafugaji wa ndani. Makubaliano ya afya ya wanyama na mimea ya Shirika la Biashara Duniani, yaliyoanza kutumika mwaka 1995, yanazitaka nchi zitegemee ushahidi wa kisayansi na zikubali kwamba ugonjwa unaweza kuwa katika kanda moja ya nchi huku kanda nyingine ikiwa salama. India ilishtakiwa na Marekani kwa kuzuia bidhaa za kuku kwa sababu ya mafua ya ndege, na mwaka 2015 ikashindwa, miongoni mwa sababu ikiwa kutoutambua mgawanyo huo wa kanda. Kwa upande wa mwingizaji, makubaliano hayo yana maana moja ya kuzingatia: mlipuko ukitangazwa katika kanda wanakotoka ndege wako, kibali chako kinaweza kusitishwa hata ndege wakiwa angani, ilhali jirani yako anayenunua kutoka kanda nyingine ya nchi hiyohiyo anaendelea kama kawaida.

Kuhusu wanaokwepa njia hii yote, nataja mambo mawili yaliyotokea kwa kufuatana. Oktoba 2004, katika uwanja wa ndege wa Brussels, maafisa wa forodha walimkamata msafiri kutoka Thailand akiwa na tai wawili hai kwenye mzigo wake wa mkononi. Walipopimwa walikutwa na virusi vya H5N1, yaani vya mafua makali ya ndege. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, virusi hivyohivyo viligunduliwa katika ndege waliokufa ndani ya kituo cha karantini huko Essex, Uingereza, navyo havikutoka nje ya kuta za kituo. Virusi ni vilevile, lakini tai wale wangepenya kama mzigo usingefunguliwa, na hawa wa Essex walikuwa tayari mahali ambapo mtu anawahesabu kila asubuhi. Mwezi huohuo Umoja wa Ulaya ulisimamisha uingizaji wa ndege waliokamatwa porini, na mwaka 2007 katazo hilo likafanywa la kudumu.

Kundi lile la majogoo 12 lilianza upya na kukaa siku 21 kamili. Matetea walikuwa wamefikia umri wa kutaga, na kwa kuwa hakuna yai linaloruhusiwa kutoka karantini, mayai yalikusanywa kila jioni, yakahesabiwa mbele ya shahidi na kuteketezwa, jambo ambalo msimamizi alilifanya kwa mikono yake mwenyewe bila kukosa hata siku moja. Sampuli za mwisho zilirudi safi na nikasaini barua ya kuwaachilia. Tangu wakati huo, katika ziara yangu ya kwanza kwenye kila karantini, hubandika mlangoni karatasi yenye tarehe moja tu, iliyoandikwa kwa kalamu nene: siku aliyoingia ndege wa mwisho.