Je, wajua kwa nini mbwa wa Malkia Victoria aliitwa "Nyara"?

Mwaka 1861 mchoraji Friedrich Keyl alimchora kijibwa mpya wa Malkia Victoria wa Uingereza. Kwenye picha yuko juu ya mto mwekundu, na nyuma yake kuna chombo cha maua cha Kijapani kinachomfanya aonekane mdogo zaidi. Jina lake Looty. Sisi tungemwita Nyara, maana jina hilo limetoka kwenye neno la Kiingereza la mali ya kuporwa vitani. Hata neno lenyewe Waingereza walilibeba kutoka India!

Looty alikuwa Pekingese, yaani mbwa wa Peking, kama Wazungu walivyoiita Beijing. Wachina wao humwita mbwa simba. Ukimtazama unaona sababu: manyoya yamemjaa shingoni, kifua kipana, anatembea kwa madaha kama mwenye nyumba. Ajabu ni kwamba China haina simba wa asili. Simba aliingia huko pamoja na dini ya Buddha, kwenye sanamu na masimulizi, akiwa mlinzi wa mambo matakatifu. Basi ikulu ikajitengenezea simba wake wa kupakata. Matowashi ndio waliowatunza na kuwazalisha, wakichagua mzazi wa kiume na wa kike kizazi baada ya kizazi. Wale wadogo kabisa walibebwa ndani ya mikono ya majoho. Aliyewahi kuvaa joho anajua nafasi iliyomo humo.

Na si mbwa wa juzi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2004, uliolinganisha aina 85 za mbwa, ulimweka Pekingese katika kundi lililo karibu zaidi na mbwa mwitu. Ukimsikia anavyokoroma utabisha.

Aliyatokaje mazingira hayo hadi kwa Victoria? Kwa vita. Oktoba 1860, katika Vita vya Pili vya Kasumba, yaani afyuni, majeshi ya Ufaransa na Uingereza yaliikaribia Beijing. Mfalme Xianfeng alikuwa amekwisha kukimbilia Rehe, mji ulio kaskazini-mashariki mwa Beijing, na familia yake. Askari wakaingia Yuanmingyuan, kasri lake la bustani, wakabeba hariri, vyombo vya kauri, saa, kila kilichobebeka. Kisha Lord Elgin, mjumbe wa Uingereza, akaamuru lichomwe moto, akisema ni adhabu kwa mateka waliouawa. Katika vurugu hizo walipatikana Pekingese watano. Mmoja alichukuliwa na Kapteni Dunne wa jeshi la Uingereza, akampelekea Malkia. Looty aliishi Uingereza hadi alipokufa mwaka 1872.

Miongoni mwa waliokimbilia Rehe alikuwemo Cixi, suria wa mfalme, ambaye baadaye ndiye aliyekuja kuishika China mkononi. Naye alizipenda Pekingese mno. Mwaka 1905 binti wa Rais wa Marekani, Alice Roosevelt, alipomtembelea Beijing, Cixi alimzawadia mmoja, mweusi. Huyo aliitwa Manchu, jina la watu wa Cixi mwenyewe.