Kaakaa lililopasuka na hiyo dawa ya kuongeza kinga

Nimeonyeshwa tena chupa ya dawa ya maji ya "kuongeza kinga", na maelezo ni yaleyale: mtoto ana mpasuko wa kaakaa, masikio yanatoa usaha, meno ya mbele yametoboka, kwa hiyo kinga yake ni ndogo. Sasa naandika, ili mwingine akiuliza nimpe hii asome.

Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa asiye na ugonjwa mwingine ana kinga kama ya mtoto yeyote. Chanjo apewe zote, kwa tarehe zake. Masikio yanamsumbua kwa sababu msuli unaofungua mrija wa kati ya sikio na koo kila tunapomeza unajishikiza kwenye kaakaa. Kaakaa likipasuka, msuli unakosa pa kushika vizuri, mrija haufunguki, majimaji yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio. Maji yaliyotuama huvunda. Kijiko cha dawa tamu hakifungui mrija.

Maziwa kutokea puani nako si ugonjwa, ni njia tu iko wazi. Mlishe akiwa amekaa wima, mpumzishe na kumcheulisha katikati, na mlo usizidi nusu saa, maana zaidi ya hapo anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata.

Tuje kwenye meno, ambako ndiko nakasirika. Mpasuko ukifika hadi ufizini na mdomoni, jino la pembeni mwake mara nyingi limezaliwa na enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, iliyo nyembamba, au limegeuka ubavu, au halipo kabisa, au yapo mawili mahali pa moja. Mdomo wa juu uliokwisha kushonwa una kovu linalokaza, kwa hiyo mswaki hauingii kirahisi. Juu ya yote, mzazi anaogopa kugusa pale. Ukoga unakaa siku tatu, nne, wiki. Halafu usiku, jino hilohilo linamiminiwa dawa ya kuongeza kinga iliyojaa sukari, mtoto analala, mate yanapungua, na bakteria wanafanya karamu hadi asubuhi. Yaani dawa ya kinga ndiyo inayotoboa jino, na jino lililotoboka linakuwa ushahidi kwamba kinga ni ndogo, kwa hiyo inanunuliwa chupa ya pili!

Je, kinga haihusiki kabisa? Hapa vitabu hupita haraka. Kingamwili aina ya IgA zilizomo kwenye mate zimepimwa kwa watoto hawa, na majibu hayakubaliani. Na hata panapoonekana tofauti, ni vigumu kujua kama ndiyo iliyoleta bakteria au bakteria ndio walioileta, kwa kuwa mdomo wenye ukoga mwingi na fizi zilizovimba hubadilisha mate yenyewe. Mimi sijengi matibabu juu ya kipimo hicho.

Kinachoshusha kinga kweli mara nyingi ni njaa. Mtoto asiyeweza kuvuta ziwa na ambaye hakuna aliyemwonyesha mama yake jinsi ya kumlisha maziwa aliyokamua, atakonda, na mtoto aliyekonda huugua. Dawa yake ni maziwa ya kutosha na mizani kila wiki.

Halafu kuna kundi dogo ambalo lazima tulitafute kwa makusudi: watoto waliokosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, yaani 22q11.2. Kwao kaakaa lina kasoro, wakati mwingine imefichwa chini ya ngozi laini usiione kwa macho, na tezi ya thaimasi, ambako seli T, yaani seli za damu za kupigana na maambukizi, hukomazwa, huwa ndogo. Mtoto wa kaakaa mwenye kasoro ya moyo, au aliyepata degedege kwa kalsiamu kushuka, au anayelazwa mara kwa mara kwa maambukizi makali, apimwe kromosomu, kalsiamu na idadi ya seli T. Huyu ndiye ambaye daktari aulizwe kwanza kabla hajapewa chanjo za vijidudu hai. Wengi wao upungufu si mkubwa, lakini huwezi kujua bila kupima.

Haya, mswaki. Anza jino la kwanza linapochomoza. Mlaze mtoto kichwa kikiwa mapajani mwako, ukimtazama kutoka juu. Kwa kidole cha shahada inua mdomo wa juu taratibu hadi uone fizi. Usipoiona fizi, hupigi mswaki, unabahatisha. Tumia mswaki wa kichwa kidogo na nywele laini. Jino lililogeuka ubavu lifuate kwa kusimamisha mswaki wima, ncha za nywele ziingie kwenye kona. Dawa ya meno iwe na floraidi ya 1000 ppm au zaidi: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, punje ya njegere kuanzia 3 hadi 6. Mara mbili kwa siku, ya mwisho kabla ya kulala, na baada yake asipewe chochote ila maji. Ateme, asisukutue. Fizi ikitoa damu usiache. Inavuja kwa sababu ya ukoga. Baada ya upasuaji wa kaakaa, aliyeshona ndiye atakayekwambia lini mswaki urudi. Tundu likibaki kaakaani, usilizibe kwa pamba. Vanishi, yaani dawa ya kupakwa juu ya meno, ya sodiamu floraidi ya asilimia 5 ipakwe kila miezi 3 hadi 6.

Kwa nini nasisitiza kona ile moja? Kwa sababu kama mpasuko umefika kwenye ufizi, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 11, kabla chonge halijashuka, mtoto huwekewa mfupa pale, mara nyingi kutoka nyongani. Mfupa huo ukipandwa jirani na jino lililooza na fizi zenye usaha, unaweza kuambukizwa na kupotea wote. Meno mabovu ya hapo hutolewa mapema ili fizi ipone kwanza. Wiki ngapi kabla? Wapasuaji hawajakubaliana, kwa hiyo muulize wako, na umuulize mtoto akiwa na miaka 7.