Kadi yenye nembo ya Visa sio tiketi ya lounji

Jamani hapa Dodoma naskia sana hii, eti ukiwa na kadi ya Visa ya benki basi ukifika Terminal 3 ya uwanja wa ndege pale Dar unapita tu lounji, ile sehemu maalum ya abiria kusubiria ndege, bure, unakula unapumzika. Sio kweli na inaniuma maana watu wanaishia kuaibika mlangoni mbele ya watoto.

Iko hivi, Visa na Mastercard zina madaraja, na kadi nyingi tunazotolea hela kwenye ATM ni daraja la kawaida la debiti, hazina lounji. Zile za juu kama Infinite ndo mara nyingi zinakuwa nayo, na hata hapo benki yako ndo inaamua unaingia mara ngapi kwa mwaka. Halafu kuna hatua watu wengi wanairuka, unatakiwa ujisajili kwanza kwenye aplikesheni, mfano Visa Airport Companion, unaweka namba ya kadi, yenyewe inakuonyesha una nafasi ngapi na inakupa QR ya kuskani mlangoni. Ukiingia na mwenzako na kadi yako haina nafasi ya mgeni, kadi inakatwa hela kwa dola, makato mengine unayaona kwenye taarifa ya benki siku zimeshapita.

Na lounji ikijaa wanaweza kukukatalia hata kama una haki zote.

Kwahiyo kabla hujapanda SGR kwenda Dar, pigia benki uliza daraja la kadi yako.