Si Nyeusi, Ni Maji ya Kunde

"Kaka, ile nyeusi ya bomba imefika. Lakini nakwambia mapema, ni kali."

Hii ilikuwa Jumamosi, kwenye baa moja hapa Malindi, na ilikuwa mara ya tatu mwezi huu nasikia maneno hayo hayo. Glasi ikaja. Nikaiinua kwenye taa ya kaunta, mwanga ukapenya. Bia nyeusi gani hiyo inayopitisha mwanga?

Kinywaji chenyewe ni eli ya kahawia, kutoka kiwanda kidogo. Eli ni bia inayochachushwa kwa chachu ipendayo joto, nyuzi 15 hadi 24 hivi. Laga, ambayo ndiyo tunayoinywa karibu siku zote, Tusker ikiwamo, chachu yake hufanya kazi kwenye baridi, kisha bia hulazwa majuma kadhaa kabla ya kunywewa. Jina lake limetoka kwa Wajerumani, ambao kwao lagern ni kuweka ghalani. Basi, ndiyo tofauti. Rangi haimo kabisa: ziko laga nyeusi tititi na ziko eli za rangi ya dhahabu.

Rangi huletwa na kimea. Shayiri ikishaota hukaushwa, na sehemu yake hukaangwa kama buni. Ikikaangwa kiasi, bia huwa na ladha ya njugu, ya mkate uliobabuka, ya sukari iliyoanza kuungua. Ikikaangwa mpaka ikaribie makaa, hapo unaielekea stauti, bia nyeusi kama Guinness, ambayo nayo ni eli.

Ukali ni habari nyingine. Huo hutegemea sukari iliyoliwa na chachu. Newcastle Brown Ale, eli ya kahawia ya Uingereza iliyoanza kuuzwa 1927, ina asilimia 4.7 ya kileo. Tusker ya kawaida ina 4.2. Nadhani tulipotoshwa na Guinness ya chupa tuliyoizoea Kenya, ambayo kweli ni 6.5 na kweli ni nyeusi, tukafunga mambo mawili kamba moja. Ajabu ni kwamba watu wa pwani ndio wa mwisho kustahili kosa hili. Mnazi ni mweupe kama maji ya mchele. Asubuhi ni mtamu, jioni unakulaza barazani, na rangi yake haijabadilika.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni hilo neno "nyeusi". Sababu yake naielewa. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazokubali kuvishwa viambishi: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kwenye vitu: kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa. Mtu akiwa na haraka huchukua moja ya zile tatu, na kila kilichokoza kinakuwa cheusi.

Ila wazee wetu hawakuwa na haraka hiyo. Walikuwa na hudhurungi, ambalo kwanza lilikuwa jina la kitambaa cha kushonea kanzu, kisha likawa rangi yenyewe. Na walikuwa na maji ya kunde, yale yanayobaki chunguni kunde zikishaiva: kahawia yenye wekundu kwa ndani. Mpaka leo mtu akiulizwa binti wa fulani yukoje, hasemi ni mweusi wala mweupe, husema ni maji ya kunde, na kila mtu anamwona. Lugha iliyoweza kumtofautisha binti wa watu namna hiyo inashindwaje na glasi ya bia?

Nilimpa yule kijana wa kaunta glasi yangu, nikamwambia aiinue kwenye taa kama nilivyofanya. Akaitazama, akaigeuza.

"Kweli, ina wekundu."

"Maji ya kunde hayo."

Akacheka. Akachukua chaki, akafuta "nyeusi" kwenye ubao, akasita. "Kaka, nikiandika kunde watadhani tunauza mboga."

Nikamwambia basi aandike kahawia, na lile "kali" aliloliandika pembeni alifute pia.